Mama aliniuliza masomo, sikuwa na jibu

Kwa miaka mingi nilikuwa naingia kanisani padri akimalizia mahubiri, masomo ya Biblia yameshapita. Nauza mitumba Kiborloni, hapa Moshi, na Jumapili asubuhi nilikuwa napanga mzigo kwanza. Nilijiambia, ilimradi nimewahi Komunyo, Misa nimesali.

Jumapili moja mhudumu wa Ekaristi alimletea mama yangu Komunyo nyumbani, maana miguu yake haimbebi tena. Alipoondoka, mama akanigeukia: "Haya mwanangu, leo tumesomewa nini?" Nikababaika, nikasema padri kahubiri vizuri. "Sijauliza padri. Nimeuliza masomo."

Nilikwenda kwa katekista wetu na aibu yangu. Akanisimulia habari za Mtakatifu Yustino, ambaye karibu mwaka 155 alimwandikia Kaisari wa Roma, Antoninus Pius, kumweleza Wakristo hufanya nini Jumapili. Hukusanyika mahali pamoja, husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, anayeongoza huwaasa, wote husimama kuomba. Ndipo huletwa mkate, na divai na maji, hutolewa shukrani, na watu huitikia Amina. Wasiokuwepo, mashemasi huwapelekea. Niliposikia hilo la mwisho nilimwona mama kwenye kiti chake. Ni Misa yetu hii hii, na masomo yamo tangu mwanzo! Tena wengi wao hawakuwa na kitabu nyumbani. Neno walilipata kwa kusikia.

Origene, mwalimu wa Wakristo katika karne ya 3, aliwaambia waumini kwamba wanaupokea Mwili wa Bwana kwa uangalifu isianguke hata chembe, basi wasidhani kulipuuza Neno ni kosa dogo. Mimi nilikuwa naliangusha lote, kila wiki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, nao ulisema mwaka 1963 kwamba Liturujia ya Neno, yaani sehemu ya masomo, na ya Ekaristi zimeungana kiasi cha kuwa tendo moja la ibada.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fanya hivi. Jumamosi jioni soma masomo ya kesho, uanze na Injili, kisha somo la kwanza. Katika Jumapili za kawaida, somo la kwanza limechaguliwa liendane na Injili, kwa hiyo tafuta yanapokutana. Mimi humo ndimo nilimoonja utamu wa Agano la Kale. La pili usilihangaikie sana, kwa kuwa mara nyingi hufuata mkondo wake, waraka mmoja Jumapili kadhaa mfululizo. Ukifika kanisani, funga kitabu na simu, usikilize. Kama wewe ndiye msomaji, soma kwa sauti nyumbani mara tatu. Usikutane na majina ya manabii mimbarini. Na kwenye sala za jumuiya ndogo ndogo, tafadhali, tusiikimbize Injili ili tufike kwenye michango.

Siku hizi mzigo unasubiri. Nikitoka Misa namkuta mama ameshatandika kitambaa cheupe mezani, nami namsomea Injili kabla mhudumu hajafika. Kipindi cha Pasaka tulisoma ya wale wanafunzi wawili waliotembea na Yesu mfufuka kwenda Emau, wasimtambue mpaka alipoumega mkate. Akaniambia nirudie pale mioyo yao ilipokuwa ikiwaka njiani, mkate ukiwa bado haujamegwa.