Wiki za mwisho za mradi: punguza kazi, usiongeze watu

Mradi wa mfumo wa kompyuta ukikaribia siku ya kukabidhi, kila unayemuuliza atakwambia "imebaki kidogo". Wala hadanganyi. Kurasa zipo, vitufe vinabonyezeka, na kwenye kompyuta yake kila kitu kinakwenda. Tatizo ni kwamba hicho kidogo ndimo zilimojificha kazi ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo: kuhamisha data za zamani, ruhusa za watumiaji, ripoti, na nini kitatokea mtandao ukikatika katikati ya malipo.

Kwa hiyo siulizi tena "umefikia wapi?" Nasema "nionyeshe", tena kwenye seva ya majaribio (kompyuta ya pamoja ya kujaribia mfumo) na kwa data halisi za mteja. Katika mradi mmoja niliousimamia, sehemu ya kusajili wateja ilikuwa imeshahesabiwa kuwa tayari. Tulipopakia faili la wateja wa zamani, namba zote za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo. Kumbe kuna mtu alilifungua faili kwenye Excel, Excel ikazichukulia namba zile kama tarakimu za hesabu na kuiondoa sifuri, naye akahifadhi. Programu haikuwa na kasoro, lakini hakuna mteja hata mmoja ambaye angepata ujumbe. Ukijaribu kwa majina matatu uliyoyatunga mwenyewe, jambo kama hilo hulioni.

Hata wakubwa huumia hapo. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013, na siku ya kwanza waliofanikiwa kujiunga mpaka mwisho walikuwa 6. Makandarasi walilieleza Bunge baadaye kwamba majaribio ya mfumo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, yalifanyika katika wiki mbili tu za mwisho.

Ukishaona hali halisi, kaa na mteja mkate kazi. Usimuulize kipi ni muhimu, maana atasema vyote. Muulize: kipi kikikosekana siku ya kwanza, ofisi yenu haitafunguka? Utashangaa orodha inavyopungua. Chati za rangi kwa mkurugenzi zinaweza kusubiri mwezi, risiti haiwezi. Na mwambie mapema. Mteja aliyejulishwa wiki tatu kabla atanuna kidogo kisha mtapanga upya, lakini wa kuambiwa usiku wa kuamkia uzinduzi ameshawaalika watu.

Bosi akisikia mmechelewa, jibu lake huwa ni kuwaongezea watu. Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yenyewe ni rahisi: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, wakiwa 10, njia zinafika 45. Halafu nani atawafundisha wageni? Wale wale waliokuwa wanamalizia kazi. Bosi akisisitiza kuleta mtu, mpe mgeni huyo majaribio au mwongozo wa watumiaji, asiguse kiini cha mfumo.

Kukesha nako sikupendi. Usiku mmoja sawa, lakini anayeandika programu saa tisa za usiku kwa wiki nzima huacha hitilafu ambazo wenzake watazitafuta mchana kutwa.

Siku chache kabla ya uzinduzi, funga mlango wa mabadiliko. Baada ya hapo kinachoingia ni marekebisho ya hitilafu tu, na kila moja ipitiwe na mtu wa pili, hata kama ni "mstari mmoja tu". Chukua nakala rudufu ya data, kisha jaribu kuirejesha kweli, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huwezi kuitegemea. Andika pia nani mwenye kauli ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, na mwisho saa ngapi. Jina liwe moja, na simu yake iwe na chaji.