Kabla ya Dawa, Lipia Kipimo

Mimi ni mtu wa maabara hapa Busia, upande wa Uganda, na wanaokuja kupimwa hutoka pande zote mbili za mpaka. Wengi hufika wameshameza kitu: metro (metronidazole) ya juzi, cipro (ciprofloxacin) ya jana, zote mbili antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, vidonge vya rangi mbili alivyobakiza shemeji. Ukimuuliza mtu alipewa kwa ugonjwa gani, anakujibu, "Musawo (daktari) wa pale kona alisema zina nguvu." Sasa ndiyo anataka kujua anaumwa nini.

Ushauri wangu wenye maduka ya dawa hawataupenda: pesa yako ya kwanza iende kwenye kipimo cha maabara. Tumezoea kuambiwa "maliza dozi", na ni kweli, fuata ulivyoandikiwa. Lakini kumaliza dozi ya ugonjwa ambao huna hakukuponyi chochote. Bakteria wanaoishi mwilini mwako ndio wanaoizoea hiyo dawa, na siku ukiihitaji kweli unakuta haifanyi kazi; huo ndio usugu.

Chukua taifodi. Huku kwetu kila homa ni "malaria na taifodi", kama mapacha. Kipimo kinachotumika sana ni Widal: tone la maji ya damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya kupimia, unatikisa polepole, ukiona vijichembe vimegandana unaandika kwamba ipo. Shida ni kwamba Widal haimtafuti bakteria mwenyewe. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupigana na ugonjwa, na hizo hubaki damuni muda mrefu baada ya mtu kupona. Chanjo inaweza kuziacha, na malaria au maambukizi mengine yanaweza kukidanganya kipimo. Kuna watu ninaowafahamu wenye "taifodi isiyoisha", kila baada ya miezi kadhaa wanachomwa sindano, na kila wakirudi Widal inasoma vilevile. Baadhi yao sidhani kama wamewahi kuugua taifodi hata mara moja.

Sisemi taifodi ni mchezo. Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 2008 na 2009, ilitoboa watu utumbo, na bakteria wengi waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za zamani za bei nafuu. Kampala nayo ilipata mlipuko mwaka 2015. Ndiyo maana ukiambiwa unayo kwa Widal peke yake, uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kuonekana. Si kila kituo kina uwezo huo, mara nyingi ni hospitali za rufaa na maabara kubwa, na majibu huchukua siku kadhaa. Damu itolewe kabla hujameza antibiotiki yoyote. Ukishameza, bakteria wanaweza wasiote, na utakuwa umelipia bure.

Laiti ningeweza kuwaonyesha watu sahani ya maabara. Tunapaka bakteria waliotoka kwenye mkojo, juu yake tunapanga vidude vidogo vya duara kama karatasi, kila kimoja kina dawa yake. Kesho yake, dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara safi, pasipoota kitu. Isiyofanya kazi, bakteria wameota hadi kwenye ukingo wake. Nimeona sahani ya mama mmoja mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kujirudia ambapo dawa zote za kumeza zilikuwa zimezingirwa na bakteria hivyo. Palipobaki safi ni kwenye dawa ya sindano ya bei kali, ya kuchomwa hospitali kila siku. Alikuwa amejinunulia dukani kwa miezi, vidonge viwili vitatu kwa wakati, kiasi cha pesa aliyokuwa nayo mkononi.

Malaria si bakteria, lakini usugu umeifikia pia. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, yakionyesha vimelea vya malaria ambavyo artemisinini, dawa iliyo ndani ya Coartem, inachelewa kuviua. Coartem bado inatibu wengi, ila ni mara sita kwa jumla ndani ya siku tatu, na inywe baada ya chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Na hili watu hawaambiwi: kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Homa ikirudi upesi, omba upimwe kwa darubini kabla ya kununua dozi nyingine.

Mafua na kikohozi cha kawaida ni virusi, antibiotiki haina kazi hapo. Mtoto anayeharisha majimaji anahitaji ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki, siyo metro. Akiharisha damu, au akipumua kwa haraka na kifua kuingia ndani, mkimbize kituo cha afya, usisubiri, maana hapo antibiotiki inaweza kuokoa maisha. Sitaki mtu asome haya aanze kuiogopa dawa. Kukosa dawa kunaua watu wetu, na usugu nao unaua: mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria ulikadiriwa kusababisha vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

(Na nyinyi wafuga kuku mnaotia antibiotiki kwenye maji hata ndege wakiwa wazima: muulizeni daktari wa mifugo ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuuza mayai. Sisi ndio tunaoyala.)

Ukipimwa mkojo au damu ukapewa karatasi ya majibu, usiiache kwenye mfuko wa kaveera ikalowana. Ipige picha, pamoja na jina la kila dawa uliyomeza na tarehe. Ukivuka kwenda kutibiwa Kenya, au ukirudi kwetu baada ya mwaka, mwonyeshe daktari hiyo picha kabla hajaandika kitu.