Fulana inayosikiliza moyo: majibu ya maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kuhusu fulana zinazopima mapigo ya moyo. Nimechagua maswali manne.

*Nyaya zake si zitakatika nikifua? (Fundi cherehani, Tanga)*

Hakuna nyaya, fundi, kuna wino. Chembe za madini ya fedha huchanganywa na plastiki inayovutika, kisha huchapwa kwenye utando mwembamba, kama wachapaji wa fulana za kampeni wanavyofanya: fremu yenye wavu, wino juu, raba inaburutwa. Utando hubandikwa kwenye kitambaa kwa joto. Ukikivuta, chembe huachana kidogo lakini nyingine bado zinagusana, umeme unapita. Ila kila ufuaji huacha nyufa ndogo, na mwisho mchoro unachoka. Ondoa kifaa chenye betri, fua kwa maji ya baridi, usisokote, na pasi isiguse mchoro.

*Kwa nini inabana hivyo?*

Umeme wa moyo ukifika juu ya ngozi ni kama milivolti 1 tu, wakati betri ya rimoti ni volti 1.5. Ishara ndogo namna hiyo hupotea kitambaa kikiachana na ngozi hata kidogo. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kupima umeme wa moyo, aliwatia wagonjwa mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Leo jasho lako ndilo linafanya kazi ya ndoo zile. Kabla hujavaa, chovya vidole kwenye maji, upake zile sehemu za kijivu zinazogusa kifua.

*Nikipanda ngazi mistari ya mapigo inavurugika. Naumwa?*

Huenda ni kitambaa kinachosugua ngozi, au misuli ya kifua, ambayo nayo hutoa umeme. Keti dakika tano, tazama tena. Mapigo yakiendelea kwenda ovyo ukiwa umetulia, hifadhi mistari hiyo umpelekee daktari.

*Mama ana presha na kifua kinambana. Nimnunulie fulana badala ya kumpeleka hospitali?*

Hapana, ndugu yangu. Mpeleke leo. Kama maumivu yanashuka mkononi au kupanda taya, na jasho jembamba linamtoka, usimalize hata kusoma safu hii. ECG ya hospitali, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hutazama moyo kwa pande 12. Fulana nyingi zina upande mmoja hadi pande tatu, na mshipa ulioziba unaweza kuzipita bila kuonekana. Presha nayo inahitaji mashine yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Anza na hiyo.

Fulana husaidia sana kwa mapigo yanayovurugika kisha yakatulia. Yanakuja Jumanne usiku kwa saa moja, Ijumaa kliniki ECG inatoka safi, na huku damu inaweza kuganda moyoni ikaleta kiharusi. Mama akishaonwa, muulize daktari kama anahitaji kufuatiliwa hivyo kwa siku kadhaa.