Re: Ule mfuko wa plastiki wenye mistari leba ni wa nini?

Dada hongereni kwa mtoto. Umeuliza kama ule mfuko aliowekewa wifi yako chini ya makalio hapo Kasulu ni wa kuchukua damu ya majaribio, hapana kabisa, ule ni wa kupima damu inayotoka baada ya kujifungua ndo maana una mistari. Zamani walikua wanakadiria kwa macho tu na macho yanadanganya sana. Mamdogo wangu alijifungulia kituo fulani huku Ujiji, vitenge viwili vikalowa chapachapa mpaka godoro, nesi anapita anasema hiyo ya kawaida, hadi midomo imekua myeupe anatetemeka ndo wakaanza kukimbizana. Alipona ila mimi sitasahau ile siku.

Utafiti wa huo mfuko pamoja na matibabu ya haraka ulikuwepo kweli, matokeo yalitoka 2023, ulifanyika Kenya, Nijeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kina mama zaidi ya laki 2. Damu ikifika mililita 500 hawangoji, wanakanda mfuko wa uzazi, wanampa oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, wanakagua palipochanika, vyote kwa mkupuo, sio kimoja kimoja huku mtu anaisha. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60!!

Sasa wifi akishakua nyumbani akaona pedi inaloa yote ndani ya lisaa au anasikia kizunguzungu, msisubiri kukuche, tafuteni usafiri mrudi hospitali usiku huohuo.