Jibu: Je, upragmatisti unasema kila chenye faida ni kweli?

Ndugu, umeuliza kama upragmatisti, yaani falsafa inayopima mawazo kwa matokeo yake katika vitendo, huhesabu kila chenye faida kuwa kweli, na kama una nafasi yoyote darasani. La kwanza ni upotoshaji wa kawaida, ingawa William James, mmoja wa wanafalsafa wake wakuu, kwa lugha yake ya mvuto, aliuchochea kidogo. Charles Peirce, mwanzilishi wa falsafa hiyo, alipoandika mwaka 1878, alitafuta namna ya kufafanua maana ya wazo kwa matokeo yake, si kusema chenye faida ni kweli: kusema kitu ni kigumu ni kusema kwamba vitu vingine vingi havitakikwaruza. Hata katika mabishano ya kila siku inafaa kuuliza ni nini kingekuwa tofauti kama mwenzako ndiye mwenye haki.

Kuhusu darasa, John Dewey, mwanafalsafa mwingine wa upragmatisti, alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, ambako watoto walipika, walifuma na kufanya useremala. Wengi huishia hapo na kuiita kujifunza kwa vitendo, ilhali uzito ulikuwa katika maswali yaliyozaliwa na kazi hizo. Kundi moja lilichambua pamba kwa mikono kwa dakika 30, likapata chini ya aunsi moja ya nyuzi, na hapo likaelewa kwa nini wahenga wao walivaa sufu badala ya pamba.