Kwa nini The Ventures bado wanapendwa Japani

Ndugu, umeuliza inakuwaje The Ventures, bendi ya magitaa isiyo na mwimbaji iliyoanzishwa Tacoma, Marekani, mwaka 1958, ipendwe Japani kwa miongo yote hii. Kukosa maneno ndiko kulikowafaa, kwani msikilizaji wa Osaka hakuhitaji kujua Kiingereza, na baada ya ziara yao ya mwaka 1965 vijana wengi wa huko walinunua magitaa ya umeme, wakajifunza hata ule mteremko wa sauti kwenye nyuzi nene ambao Wajapani huuita "teke-teke". Isitoshe, bendi ilitunga muziki uliotiwa maneno ya Kijapani, ukiwemo "Kyoto no Koi" ulioimbwa na Yuko Nagisa mwaka 1970, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililowafanya wenyeji wawahesabu kuwa wenzao.