Haiku kwanza, simu baadaye: kwa mnaoanza kuandika msimu na siasa

Watu wengi siku hizi wananiuliza wanaanzaje, manake wameona huu mtindo wa kuweka haiku ya msimu juu (haiku ni shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, silabi tano, saba, tano) alafu aya mbili tatu za siasa chini yake na wanataka kujaribu, kwa hivyo acha niseme ninayoyajua yote hapa mara moja. Mimi naandika nikiwa Nairobi, wewe wa Kisumu au Lamu utabadilisha mimea na upepo.

Kubwa kuliko yote ni hili: haiku isijue habari. Andika haiku asubuhi kabla hujafungua simu, kabla hujasikia nani kamtusi nani, alafu ukishaimaliza ndio usome habari. Ukifanya kinyume utapata kitu kama hiki, na karibu kila anayeanza ananitumia kimoja cha aina hii:

Mvua ya wizi
yafurika bungeni
nchi yazama

Mizani, yaani hesabu ya silabi, iko sawa, tano saba tano, hakuna ubishi. Lakini mvua iko wapi hapo? Hakuna aliyelowa. Mvua imeajiriwa tu ibebe hasira yako, na hasira yenyewe haina tarehe wala jina, unaweza kuiweka mwaka wowote. Hilo ni bango la maandamano limekatwa vipande vitatu. Bango ni kitu kizuri barabarani, sisemi vibaya, ila hapa umelipa mizani kumi na saba ukapata kauli mbiu.

Sasa angalia hii, ya Mei 2024, baada ya yale mafuriko:

Maji yashuka—
alama ya matope
hadi kitasa

Hamna serikali ndani. Kuna mlango na mstari wa matope uliofika kwenye kitasa, basi, na msomaji mwenyewe anapima kwa mwili wake, kitasa kiko kiunoni, kwa hivyo mtoto alikuwa wapi? Alafu chini yake ndio unaandika habari: kwamba serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, kwamba tingatinga ziliingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanaanika magodoro, na kwamba 10 Mei ilitangazwa sikukuu ya kitaifa ya kuomboleza waliokufa na kupanda miti. Kupanda miti, kwenye mvua ile. Huhitaji kukejeli, ziweke tu hizo mbili karibu karibu, amri ya kubomoa na sikukuu ya miche, na unyamaze.

Kwa nini vitu hivi viwili vinakaa pamoja vizuri? Wengi wanadhani ni kwa sababu msimu ni ishara ya siasa, kiangazi ni dhiki na mvua ni matumaini na kadhalika. Mimi sikubali. Vinakaa pamoja kwa sababu kwetu vinatumia kalenda moja. Bajeti inasomwa Juni na Mswada wa Fedha, ule wa kodi, lazima umalizwe kabla ya tarehe 30, na Juni Nairobi ni baridi, mawingu ya kijivu, manyunyu yasiyoisha, watu wamevaa masweta ndani ya matatu. Uchaguzi uko Jumanne ya pili ya Agosti, baridi bado haijaondoka. Mbolea ya ruzuku inaletwa kabla ya mvua za masika, ndio maana ile kashfa ya mbolea feki ya 2024 iliuma vile, ilitokea watu wakiwa shambani tayari. Na 1997, kabla uchaguzi haujahamia Agosti, tulipiga kura Desemba kwenye mvua za El Niño zenyewe, barabara zimekatika, ikabidi upigaji kura uendelee siku ya pili. Ukijua kalenda hizi hutahitaji kulazimisha ishara yoyote.

Kuna wakati hata siasa yenyewe inaingia kwenye hali ya hewa. Oktoba 2023 Rais Ruto alisema watabiri wamebadilisha utabiri na hakutakuwa na El Niño kama tulivyoogopeshwa, Novemba mito ikavunja kingo. Nafasi kama hiyo ikija usiiharibu kwa kupiga kelele. Haiku yako ya wiki hiyo iwe ya kumbikumbi tu:

Taa yazimwa—
mbawa za kumbikumbi
kwenye beseni

Anayewajua kumbikumbi anajua mvua ilikuwa imeshaanza, manake hawatoki kwenye ardhi kavu. Na amewahi kuweka beseni la maji chini ya taa. Kauli ya rais unaiweka chini na mwezi wake, msomaji atapiga hesabu mwenyewe, wasomaji wetu si wajinga.

Maneno ya msimu. Wajapani wana makamusi mazima ya maneno hayo, yanaitwa saijiki, yamepangwa kwa majira, sisi hatuna kwa hivyo jitengenezee lako kwenye daftari. Tafadhali usiniletee theluji na maua ya cheri kama hujawahi kuyaona. Andika jakaranda za Septemba na Oktoba, vumbi la Januari shule zikifunguliwa, maembe ya Pwani, manyunyu ya Julai, kusi na kaskazi kama uko Mombasa au Zanzibar (hapo una utajiri ambao sisi wa bara tunauonea wivu, upepo mzima wenye jina). Ulioko Toronto au Muscat andika kilichoko nje ya dirisha lako hata kama habari ni ya Nairobi, hilo pengo lenyewe linasema kitu. Na ukiandika neno kama jakaranda, weka na mtu au kitu kinachopita:

Maua chini
ya jakaranda, boda
yapita juu

Kuhusu mizani, sisi tunaotoka kwenye shairi la Kiswahili tuna bahati, kuhesabu tunajua. Kumbuka tu m ya mtu na ya mto inahesabiwa, mto ni mbili. Lakini usiongeze "tu" au "sana" ili kujaza mstari, afadhali upungukiwe na mizani moja. Vina achana navyo kabisa, haiku ikiwa na kina mwishoni inageuka wimbo wa chekechea.

Upande wa habari nao una kazi yake na hapo ndio wengi wanalegea, wanaona wameshamaliza kwenye haiku. Chagua habari moja. Ndani yake chagua namba moja au tendo moja. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na mambo chungu nzima, ukiyataja yote msomaji anakimbia, mimi ningechukua mkate, ile VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 iliyopendekezwa kisha ikaondolewa tarehe 18 Juni, na juu yake niweke hii:

Manyunyu tena—
mama mboga afunga
leso kichwani

Alafu soma mswada wenyewe, si ile picha inayozunguka WhatsApp. Andika cheo pamoja na tarehe, manake ukiandika "waziri" peke yake na Julai 2024 karibu baraza zima likafutwa siku moja, baada ya miezi sita hakuna atakayejua ulimaanisha nani. Usimtuhumu mtu kwa jina bila kitu mkononi, kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 na kwa wenye mamlaka eti shairi si kinga. Kule Kyoto mwaka 1940 polisi walikamata washairi wa haiku, haiku jamani, mistari mitatu, kwa sababu hawakuandika vita vile ilivyotakiwa.

Siku nyingine acha. 25 Juni 2024 watu waliokuwa wakiandamana kupinga huo mswada walipigwa risasi nje ya Bunge na jioni hiyo hiyo kuna waliokuwa wanatuma haiku za mwezi na mawingu pamoja na pole. Mimi naona hiyo ni haraka mbaya. Haiku ya siku hiyo unaweza kuwa nayo kwenye daftari, ilinyesha au haikunyesha, nani alifunga duka, lakini iache pale wiki kadhaa mpaka uone kama bado inasimama kando ya majina ya waliokufa.

Na anzeni daftari sasa hivi, usingoje kampeni. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na ukiwa tayari umeandika baridi ya kabla yake utajua ile ya 2027 ina nini tofauti, kama kweli ina kitu.